Hirizi ya Kumi na Saba

Mgeni aliingia ofisini akiwa amepakata kitu kifuani, amekifunika taulo jeupe, na kwa jinsi alivyokuwa akitembea kwa hadhari, dada wa mapokezi alidhani ni mtoto. Akanyanyuka kumwelekeza kwamba hospitali iko ng'ambo ya barabara kuu, hapa ni kwa mafundi wa kompyuta. Mgeni aliulaza mzigo wake juu ya meza, akafunua taulo, na ndani mlikuwa na pampu ya dawa, ile mashine ndogo inayofungwa kwenye nguzo kando ya kitanda cha mgonjwa ikamsukumia dawa mshipani kidogo kidogo.

"Nimeambiwa ninyi ndio mlioitia akili," alisema. "Jana ilizimia."

Ilikuwa saa nne kasoro dakika ishirini asubuhi, na siku yenyewe haikuwa ya kupokea wageni. Ofisi nzima ilikuwa imevaa nguo za kupigia picha. Saa nane mchana wajumbe wa hospitali kumi na mbili walitarajiwa kuja kukabidhiwa toleo jipya la mfumo endeshi wa pampu hizo, na tangu asubuhi Mkuu wa kitengo alikuwa akipanda na kushuka ngazi, mkono mmoja kwenye tai, kama mtu anayehakikisha kichwa chake bado kipo. Dada wa mapokezi aliutazama mlango wa Mkuu, akamtazama mgeni, kisha akafanya jambo ambalo kila mtu pale alilifanya alipokwama. Alimwita Chekeche.

Chekeche alikuwa na miaka ishirini na minne na miezi tisa ya kazi. Jina hilo alipewa wiki yake ya kwanza, kwa sababu msimbo wowote, yaani maandishi ya programu, aliopewa kuusoma aliurudisha umebaki unga mtupu, makapi yote pembeni. Miezi hiyo tisa ilikuwa ya majaribio, na ilikuwa inakwisha siku hiyo hiyo. Mkuu alikuwa amemwambia kwamba saa nane, mbele ya wajumbe, yeye ndiye atakayeeleza kazi iliyofanyika, na baada ya hapo atakabidhiwa barua ya ajira ya kudumu. Mama yake alishautangazia mtaa mzima, mpaka fundi viatu wa kona alijua. Alikuwa amenunua fremu ya kioo kwa ajili ya barua hiyo, na msumari ulikuwa umeshapigiliwa ukutani, juu ya cherehani, ambako kila mteja angeiona barua.

Mgeni alijitambulisha kuwa muuguzi wa wodi ya watoto njiti. Alikuwa mama wa makamo, mwenye sauti ya chini ya mtu aliyezoea kusemea vyumbani mwa waliolala. Chekeche alimkaribisha kwenye chumba cha majaribio, akamvutia kiti, akamwita Sista kama watu wote wanavyowaita wauguzi, na Sista akaeleza bila kupamba. Wodi yake ilipewa pampu sita zenye mfumo mpya, ili zijaribiwe kwa wiki tatu. Jana saa kumi na dakika sita jioni, pampu ya kitanda cha tatu ilizima ghafla, skrini ikawa nyeusi, kisha ikawaka yenyewe na kumwuliza leo ni tarehe gani, kana kwamba ndiyo kwanza imezaliwa. Sekunde kumi na moja. Alizihesabu kwa sababu yeye huhesabu kila kitu, na alikuwa na kijidaftari mfukoni kilichojaa saa na dakika. Mtoto wa kitanda cha tatu alikuwa na kilo moja na gramu mia. Hakudhurika.

Namba ya msaada ameipiga mara tatu, akasema, na mara zote sauti tamu ya kike ilimhakikishia kwamba simu yake ni ya muhimu sana. "Nikaona kama ni ya muhimu kiasi hicho, basi niilete mwenyewe."

Akaomba glasi ya maji, na Chekeche alidhani ana kiu, kumbe alitaka kuonyesha. Aliunganisha mrija wa pampu kwenye glasi, akapanga kipimo kidogo, akaiacha isukume maji huku akiendelea kuongea. Kidole gumba chake kilikuwa kimetulia juu ya kitufe cha kusimamisha. Dozi ilipofika mwisho alikibonyeza bila kuitazama mashine, na mashine ikanyamaza vizuri. Alirudia mara nne. Haikuzimia.

"Unaona," Sista alisema. "Kwa fundi, mgonjwa hupona."

Kisha akasema alilolijia. Zamu yake inaanza saa nane mchana. Pampu za zamani zilisharudishwa stoo kuu, na mbili zilizobaki zimeshafungiwa wagonjwa wengine. Saa nane kamili anatakiwa kumfungia mtoto wa kitanda cha tatu dozi nyingine kwa hizi mpya. Hakuja kulalamika wala kudai mtu afukuzwe. Anataka kujua sababu tu, ili mkono wake uwe na la kufanya.

Chekeche alimwambia atampigia. Sista akatikisa kichwa. Simu zao hufungiwa kabatini wanapofika, saa nzima kabla ya zamu, na ile ya wodi hulia mpaka ikachoka. Na ujumbe wa kuandikwa ameshaupokea mwingi; wote husema tunalifanyia kazi.

"Uje mwenyewe, mwanangu. Uniambie sababu yote, nikikuangalia usoni. Hata kama sababu ni kwamba hamjui."

"Nitakuja," Chekeche alisema. "Kabla ya saa nane."

Sista aliandika kwenye kijidaftari chake, akaiacha pampu, akakunja taulo lake, akaenda. Ni baada ya mlango kufungwa ndipo Chekeche alipokumbuka kwamba saa nane alikuwa na miadi nyingine.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Ndani ya kila mashine yenye kompyuta kuna sehemu ya mfumo endeshi inayogawa kumbukumbu. Chekeche alipomweleza mama yake, alimwambia afikirie stoo yenye masinia. Programu yoyote inayohitaji mahali pa kuweka vitu vyake huja dirishani kuomba sinia, na ikimaliza hulirudisha ili lipewe nyingine. Mtunza stoo hana macho. Ana orodha tu. Ukimwambia sinia limerudi, huamini limerudi. Kwa hiyo lazima awepo wa kuuliza: sinia hili ni la kwetu? Lilitoka kweli? Halikurudishwa tayari?

Mfumo huo uliandikwa miaka mingi nyuma na mhandisi mmoja aliyekwisha kustaafu, ambaye hakuna aliyebaki ofisini aliyewahi kumwona. Kwa kusoma msimbo wake tu ungemjua: mtu wa kufunga mlango, akarudi kuutikisa, kisha akamtuma mkewe akautikise tena. Swali alilouliza dirishani aliliuliza tena mbele ya rafu, na mengine akayauliza mara ya tatu koridoni. Vijana walimwita Babu Hirizi, na kila ukaguzi wake waliuita hirizi. Zilikuwa mia mbili na kumi na tatu, kila moja na namba yake, na zilikuwa zinakula betri. Umeme ukikatika, pampu iliishi saa tatu tu.

Chekeche na mwenzake walipewa kazi ya kung'oa hirizi za ziada. Kwa miezi mitano waling'oa themanini na nane, na pampu ikapata dakika arobaini zaidi za uhai. Chekeche aliziwaza dakika hizo mara nyingi akiwa njiani kurudi nyumbani. Alijiona amewapa watoto asiowajua dakika arobaini, na jambo hilo lilimtia joto hata siku za mvua.

Nao hawakung'oa ovyo. Kulikuwa na daftari, na daftari lilikuwa na sheria. Huruhusiwi kutoa hirizi mpaka uandike namba ya mlinzi anayebaki, yaani hirizi nyingine inayouliza swali lile lile. Kisha mwenzako afungue nakala yako ya msimbo, amwone mlinzi huyo kwa macho yake amesimama mahali pake, ndipo aweke jina. Majina mawili kwa kila hirizi. Chekeche aliipenda sheria hiyo. Alikuwa amepanga kuanza maelezo yake ya saa nane kwa kuisifu.

Sasa alifunga mlango wa chumba cha majaribio, akaitoa kumbukumbu ya ndani ya pampu, akasoma kilichoandikwa sekunde ya mwisho kabla ya giza. Mstari ulikuwa mmoja. Sinia namba mia nne na sita liligawiwa watu wawili kwa wakati mmoja.

Akainamia skrini.

Alisoma tena. Mpokeaji wa kwanza alikuwa skrini, wa pili saa ya ndani. Wote wawili walipewa sinia moja, mmoja akaweka unga, mwenzake akamwaga maji, na mashine ilipoona uji haueleweki ikajizima na kuanza upya. Hilo lilikuwa bahati. Kwenye stoo ile ile hupita pia kile kinachohifadhi kiasi cha dawa. Wangekutana saa na dozi, namba ya dakika ingesomwa kama kipimo, na mashine isingejizima. Ingeendelea kusukuma.

Mkuu alichungulia saa tano na nusu. Alimwuliza kama ameshafanya mazoezi ya maelezo, na Chekeche alipomweleza, alikunja uso, akaigeuza pampu juu chini kama mtu anayenunua nanasi. Pengine iliangushwa, alisema. Pengine betri imelegea. Alimkumbusha kwamba majaribio elfu sita yalipita bila doa, kisha akasema aache mlango wazi, maana akiufunga watu wataanza kujiuliza.

Aliyeanza kujiuliza alikuwa Shemeji. Huyu ndiye mwenzake wa daftari, kijana mnene mcheshi aliyeoa mdogo wake dada wa mapokezi, na tangu harusi hakuna aliyemwita vinginevyo, hata Mkuu. Alikuja na viti viwili vya magurudumu, akamwambia mtu hatafuti ugonjwa amesimama. Wakaanza kuijaribu pampu pamoja. Waliacha dozi ikaisha yenyewe mara hamsini, kengele ikalia mara hamsini. Waliisimamisha katikati mara hamsini. Waliichomoa umeme, wakaitikisa, na Shemeji akaitishia kuirudisha kwao. Haikuzimia. Saa sita ikapita. Saa sita na nusu ikapita.

Katikati ya hayo mama yake alipiga. Alitaka kujua kama barua hutolewa ikiwa imekunjwa, kwa sababu fremu ni ya karatasi nzima. Chekeche alisema bado hajapewa. Mama akasema anajua, anauliza mapema tu, na kwamba amemshonea mteja gauni kinyumenyume kwa furaha na ikabidi afumue. Chekeche alicheka, na alipokata simu alijikuta anaitazama glasi ya maji iliyoachwa na Sista, na alama ya dole gumba kwenye plastiki ya pampu.

"Shemeji," alisema taratibu, "wewe ungekuwa na watoto sita wamelala chumba kimoja, ungeiacha kengele ilie?"

Chekeche akamwonyesha ile alama ya dole.

"Sista haiachi. Anaiwahi. Anabonyeza palepale dozi inapokwisha, kengele isilie, watoto wasiamke. Hata haangalii. Amezoea."

Ofisini hakukuwa na mtoto aliyelala, kwa hiyo katika majaribio elfu sita hakuna aliyewahi kuwa na sababu ya kubonyeza kitufe hicho kwa sekunde hiyo. Chekeche aliweka kidole gumba juu yake, akangoja namba kwenye skrini iteremke mpaka sifuri, akabonyeza. Hakuna kitu. Akarudia. Mara ya tisa skrini ilikuwa nyeusi. Shemeji alihesabu kwa sauti, akafika kumi na moja, na mashine ikawauliza leo ni tarehe gani.

Kilichotokea kilikuwa chepesi kuelewa. Dozi ikiisha yenyewe, mashine hurudisha sinia lake stoo. Ukiisimamisha, hulirudisha pia. Vikigongana ndani ya kufumba na kufumbua, sinia moja hurudishwa mara mbili, na mtunza stoo asiye na macho huandika kwamba amepata masinia mawili. Lakini Babu Hirizi alikuwa ameliona hilo zamani. Lazima palikuwa na hirizi inayouliza: hili halikurudishwa tayari? Chekeche alifungua daftari.

Hirizi ya kumi na saba, dirishani. Imetolewa na Chekeche. Mlinzi anayebaki: ya thelathini na mbili. Amehakiki Shemeji.

Akashuka kwa kidole ukurasa mzima.

Hirizi ya thelathini na mbili, mbele ya rafu. Imetolewa na Shemeji. Mlinzi anayebaki: ya kumi na saba. Amehakiki Chekeche.

Tarehe zilikuwa zimepishana siku moja. Kila mmoja alikuwa akifanya kazi kwenye nakala yake. Chekeche alipofungua nakala ya Shemeji, ya kumi na saba ilikuwepo, imesimama dirishani. Aliiona, akaweka jina. Shemeji alipofungua nakala ya Chekeche, ya thelathini na mbili ilikuwepo mbele ya rafu; aliiona, akaweka jina. Hakuna aliyedanganya, hakuna aliyefanya haraka. Kila mlinzi aliachiwa zamu na mwenzake, wote wakaenda nyumbani. Nakala zilipounganishwa Jumatatu iliyofuata, mlango ulikuwa wazi, na daftari lilikuwa safi.

Shemeji aliusoma ukurasa huo mara mbili. Alipozungumza, utani ulikuwa umemtoka. Alisema wazirudishe zote mbili, sasa hivi, kimyakimya. Ni mistari sita. Wataiita marekebisho madogo, wajumbe watapokea toleo zima, na wodi itabadilishiwa kesho. Mke wake ana mimba ya miezi minane, alisema, kana kwamba Chekeche hakujua. Chekeche alisema ndiyo, wazirudishe, na yeye alikuwa tayari anaandika. Lakini saa nane Sista anaiwasha.

"Atumiwe ujumbe."

"Simu iko kabatini."

"Basi Mkuu apige wodini."

Saa saba na dakika ishirini walikuwa wamesimama mbele ya Mkuu, naye aliwasikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo baadaye Chekeche alilikumbuka kwa heshima. Alivua tai, akaivaa tena. Alisema wamefanya vizuri kugundua. Hirizi zirudishwe, wajumbe waonyeshwe toleo lililorekebishwa. Kuhusu hospitali, yeye mwenyewe atazungumza na mganga mkuu baada ya kikao, kwa utaratibu, na wiki ijayo barua rasmi itakwenda. Sababu hazitoki humu mpaka mwanasheria azisome. Akapiga namba ya wodi mbele yao, kwa nia njema kabisa, na wote watatu wakaisikiliza ikilia mpaka ikachoka.

"Kikao ni nusu saa," Mkuu alisema. "Mashine imezimia mara moja katika wiki tatu."

"Mwenye kidole cha kuwahi kengele ni yeye, na anaingia zamu saa nane," Chekeche alisema. "Na hatujui itampa nani sinia la dozi."

"Aende mtu mwingine basi. Dereva."

"Nilimwahidi nitakwenda mimi. Na nitamwambia sababu."

Mkuu alikuwa mtu wa haki katika siku za kawaida, na hii haikuwa ya kawaida. Watu kumi na wawili walikuwa njiani, na mmoja wao alikuwa ameshafika, anakunywa chai mapokezi. Alisema kwa sauti ya chini kwamba barua ya Chekeche iko kwenye droo, imeshapigwa muhuri, inangoja saini moja. Kwamba hawezi kuitia saini mbele ya wajumbe kwa mtu ambaye hayupo, aliyetoka kwenda kutangaza siri za kazi wodini.

"Ukitoka sasa, binti, sina cha kuwaambia juu yako."

Chekeche aliifikiria fremu. Hakuifikiria kwa muda mrefu, ila aliiona waziwazi, kioo chake na msumari wake. Alisema, "Naomba radhi, Mkuu," akaenda kuchukua mkoba.

Shemeji alimfuata hadi mlangoni, ameshika karatasi. Alikuwa ameuchapisha ukurasa wa daftari, ule wenye namba kumi na saba na thelathini na mbili, pamoja na majina yao. Alimtia mkononi.

"Ukifika, sema tulikuwa wawili. Usijitwishe mwenyewe kama mpagazi. Mistari naimalizia mimi. Na majaribio nitayafanya kwa dole gumba."

Saa saba na dakika thelathini na nane alikuwa barabarani. Kwa miguu ni dakika ishirini ukitembea kama mtu mwenye akili timamu, lakini njia ya kando ilikuwa imechimbwa kwa ajili ya mabomba, na watembea kwa miguu walikuwa wanapita kwenye ubao mmoja kwa foleni. Mbele yake mzee alikuwa anavusha baiskeli yake kwa taratibu za mtu anayemsindikiza bibi harusi. Chekeche alisema hodi, akasema samahani, mwishowe akaruka mtaro, akatua kwenye udongo mwekundu uliompanda mpaka magotini, juu ya suruali ya kupigia picha. Watu wakamcheka. Alikimbia kando ya ukuta wa shule, akapita safu ya maduka ya simu, akakwama kwenye taa za barabara kuu ambako magari yalikuwa yanapita bila nafasi hata ya kuingiza unywele. Saa ya benki ng'ambo ilisema saa nane kasoro dakika tisa.

Akiwa amesimama pale, alijaribu kupanga maneno. Angeweza kusema kulikuwa na hitilafu. Angeweza kusema imegunduliwa, na hilo lingekuwa kweli, na Sista asingeiwasha mashine, na hakuna mtoto ambaye angedhurika. Nusu ya kwanza ya sababu ingetosha kabisa kumlinda mtoto. Nusu ya pili haikuwa na kazi yoyote isipokuwa kuwa kweli. Lakini alikuwa ameombwa sababu yote, na alikuwa amesema nitakuja.

Taa zikabadilika.

Getini mlinzi alitaka aandike jina, anakotoka, anakokwenda, na saa ya kuingia. Aliandika huku kalamu ikimtoroka. Lifti ilikuwa na karatasi ya kuomba radhi. Alipanda ngazi mbili mbili hadi ghorofa ya tatu, ambako palikuwa na joto na kimya na harufu ya dawa ya kunawia mikono, na mlango wa kioo wenye picha ya kidole mdomoni.

Kupitia kioo alimwona Sista. Alikuwa ameshavaa kofia yake ya zamu, anatembea kati ya masanduku ya kioo wanamolala watoto. Pampu nyingine kati ya zile mpya ilikuwa juu ya nguzo ya kitanda cha tatu. Mrija ulikuwa umeunganishwa. Kidole chake kilikuwa hewani.

Chekeche hakuthubutu kugonga kwa nguvu. Alikwaruza kioo kwa kucha.

Sista aligeuka. Aliitazama suruali, uso, karatasi iliyokunjamana mkononi. Aliteremsha mkono, akatazama saa ya ukutani, akaja akafungua mlango kwa upana wa bega lake tu.

"Usiiwashe," Chekeche alisema, akihema. "Wala yoyote kati ya zile mpya. Ni kosa letu, tumeliona, linarekebishwa. Usiiwashe."

Sista alirudi ndani, akafunga mrija, akaitoa pampu kwenye nguzo. Akaenda kwenye kitanda cha tatu, akatundika chupa ya dawa juu, akaweka kidhibiti cha mkononi na kuanza kuhesabu matone kwa saa yake ya kifuani, midomo ikicheza. Alihesabu dakika nzima. Alisogeza kidogo. Akahesabu dakika nyingine. Kisha akamwonyesha mwenzake kijana jinsi ya kuendelea, akarudi mlangoni, safari hii akatoka nje kabisa na kuufunga nyuma yake.

Simu ya Chekeche ilikuwa inatetemeka mkobani. Ilinyamaza, ikaanza tena.

"Wanakuita," Sista alisema.

"Ndiyo."

"Kuna mahali ulitakiwa uwe."

"Ndiyo."

Sista alimtazama usoni, kama alivyosema angemtazama. Kulikuwa na benchi la mbao ukutani, la wazazi wanaosubiri. Wakaketi. Chekeche alimweleza juu ya stoo na masinia, na mtunza stoo asiye na macho. Alimweleza kwamba ni kidole chake, kile kinachowahi kengele ili watoto wasiamke, ndicho kilichoupata mlango ulioachwa wazi, na kwamba hakikukosea kitu. Sista alikitazama kidole chake kama mtu anayeonyeshwa picha yake ya zamani. Aliandika mistari miwili kwenye kijidaftari, akakifunga.

"Nimeelewa. Asante, mwanangu. Nenda kazini."

Simu ilianza kutetemeka kwa mara ya tatu. Chekeche aliubana mkoba kwa kiwiko, akainyoosha ile karatasi juu ya goti lenye udongo, mpaka namba mbili na majina mawili yakasomeka.

"Bado sijamaliza, Sista," alisema. "Uliniomba yote. Mlango wenyewe ulifunguliwa na watu wawili. Mmoja wao ni mimi."

Akaanza kumweleza, toka mwanzo, tarehe kwa tarehe.